Springi za valvu za Forester ya 2013: usishushe injini kabla hujasoma namba ya chesisi

Swali: "Shikamoo fundi. Nina Subaru Forester SJ5 ya 2013, niliichukua yadi hapa Dar mwaka jana, imetoka Japan. Kila baada ya wiki mbili naenda nayo Morogoro kwa mama na watoto wakiwa nyuma. Juzi kuna kaka kazini kaniambia hizi gari kampuni iliziita zirudi kwa sababu ya springi za valvu, kwamba injini inaweza kuzima ukiwa barabarani. Nimeshtuka sana. Fundi wangu kaisikiliza akasema ni kweli springi zimechoka, tushushe injini, yeye atatafuta springi za mtumba kwenye spea za Gerezani tuweke. Mwenyewe naona haimisi, haiwashi taa, na ilipanda Mlima Kitonga bila shida tulipokwenda Iringa. Nikubali? Na je, niendelee kwenda Moro?"

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa presha. Nianze na lile la haraka: mwambie fundi asubiri. Sio kwamba huyo kaka wa kazini kakudanganya, hapana, alichosema kipo na ni kweli kabisa. Ila kati ya "gari za aina yangu ziliitwa" na "gari yangu iliitwa na haijatengenezwa" kuna umbali mkubwa, na huo umbali unapimwa kwa namba ya chesisi tu, haupimwi kwa sikio.

Stori yenyewe iko hivi. Mwezi wa 11 mwaka 2018 Subaru walitangaza rikoli, yaani kampuni kuyaita magari iliyokwisha kuyauza yarudi yarekebishwe bure, ya magari kama laki 4 dunia nzima, karibu laki moja yakiwa ya Japan kwenyewe. Yalikuwa ni yale yaliyotengenezwa 2012 na 2013: Impreza, XV, Forester, BRZ, pamoja na Toyota 86 ambayo ni pacha wa BRZ na injini yake inatoka Subaru. Ugonjwa ni mmoja kwa yote, springi ya valvu inaweza kukatika.

Sasa springi ya valvu ni kitu gani maana naona watu wengi wanaichanganya na springi za shokapu. Juu ya kila silinda kuna valvu, milango midogo ya kuingiza hewa na kutoa moshi. Kamshafti inausukuma mlango ufunguke, springi inaurudisha ufunge, kazi yake ni hiyo tu lakini inaifanya bila kupumzika. Injini yako ya FB20 ina silinda 4, kila silinda valvu 4, kwa hiyo springi 16. Chukulia unakwenda mshale wa rpm ukiwa kwenye 2,000, kamshafti inazunguka nusu ya hiyo, kwa hiyo kila valvu inafunguka na kufunga mara 1,000 kwa dakika, ni mara 60,000 kwa saa. Safari ya saa nne kwenda Moro na foleni ya Kibaha na Mlandizi humo humo, kila springi moja imebonyezwa karibu mara laki mbili na nusu. Safari moja tu hiyo, ya kwenda.

Chuma kinachobonyezwa hivyo lazima kiwe safi sana. Walichoeleza Subaru ni kwamba mambo mawili yalikutana: mzigo halisi unaoikuta springi ulikuwa mkubwa kuliko walivyokadiria wakati wa kusanifu, halafu ndani ya chuma chenyewe kunaweza kukawa na chembechembe ndogo mno za uchafu zilizobaki tangu kiwandani. Chembe peke yake labda isingeleta shida, mzigo peke yake labda chuma kingevumilia, ila vikikutana ufa unaanzia pale kwenye chembe, unakua taratibu kwa ndani, siku moja springi inakatika. Na hili halijawakuta Subaru peke yao. Mwaka 2010 Toyota waliita magari kama laki mbili na sabini elfu, Lexus na baadhi ya Crown, kwa kisa cha kufanana, uchafu kwenye chuma cha springi za valvu.

Hapo kuna hoja ambayo fundi wako au hata muuzaji wa yadi anaweza kukupa, kwamba "dada, gari ina zaidi ya miaka kumi, imetembea kilomita laki na nusu, kama springi ingekuwa mbovu si ingeshakatika zamani?" Inaingia akilini lakini usiilalie. Piga hesabu na mimi: kilomita 150,000 kwa wastani wa kilomita 40 kwa saa ni saa 3,750 za injini kufanya kazi. Weka wastani wa rpm 1,800, kila springi imebonyezwa kama mara milioni 200. Ni nyingi kweli, ila ufa unaoanzia ndani kwenye chembe ya uchafu, tofauti na ule unaoanzia juu kwenye mkwaruzo, una tabia ya kuchelewa, unaweza kujitokeza baada ya mibonyezo milioni mia na zaidi. Kwa hiyo umri wa gari haukuhakikishii kitu, iwe kwa kukutisha au kwa kukutuliza.

Na hapo hapo ndo naomba nimseme fundi wako kidogo, kwa heshima, maana simfahamu na labda ni mtu mzuri tu. Kusikiliza injini na kusema springi zimechoka hakuwezekani. Springi yenye ufa wa ndani inasukuma valvu vizuri kabisa mpaka dakika inapokatika, haipigi kelele, haiwashi taa, hailegei. Ikishakatika ndo utasikia: mlio wa tak tak tak unaofuata mwendo wa injini, gari inaanza kumisi, yaani silinda moja inakosa kuwaka, inatetemeka ukisimama kwenye mataa, taa ya injini inawaka, wakipima kwa mashine inakuja kodi, yaani namba ya hitilafu, P0301 mpaka P0304 kutegemea silinda gani imeguswa. Lakini hata kodi hizo zinaletwa na plagi iliyokufa au koili mbovu mara nyingi sana kuliko springi, na FB20 yenye mlio kidogo asubuhi inaweza ikawa ni cheni ya taimingi au oili nyepesi isiyo yake. Umeniambia gari yako haimisi, haiwashi taa, inapanda Mlima Kitonga bila shida mlipokwenda Iringa. Basi leo hii hakuna mtu duniani anayeweza kusema springi zako ni mbovu bila kuifungua injini, na hata akiifungua ufa wenyewe hauonekani kwa macho.

Kwa hiyo tunarudi kwenye namba. Chukua kadi ya gari, uiangalie namba ya chesisi, halafu uilinganishe na kibati cha kwenye gari yenyewe, usiamini kadi peke yake. Kwa kuwa gari yako iliuzwa ndani ya Japan namba yake ni fupi, inaanza na SJ5 halafu kistari halafu tarakimu. Wengi wanakwama hapa, wanaingia kwenye mtandao wa serikali ya Marekani wa kutafuta rikoli, unawadai namba ya herufi na tarakimu 17, namba yao haikubali, wanahitimisha "gari yangu haimo". Ule mtandao haujui gari za soko la Japan kabisa. Wewe nenda tovuti ya Subaru ya Japan yenyewe, sehemu ya rikoli, imeandikwa Kijapani lakini simu yako ukiiambia itafsiri ukurasa inatosha kabisa, utakuta visanduku viwili, cha kwanza unaweka SJ5, cha pili zile tarakimu. Itakuletea kama chesisi hiyo iliitwa, kwa jambo gani, na kama kazi ilishafanyika. Wizara ya uchukuzi ya Japan nayo inaweka matangazo yote ya rikoli na kila tangazo linataja chesisi kutoka namba fulani mpaka namba fulani. Ukishindwa kabisa, mtumie namba yule aliyekuletea gari au wakala wake wa Japan, kwao ni kazi ya dakika tano. Na kwa wengine wanaosoma hapa, kama hujalipia gari bado omba hilo kabla ya kulipa maana ikishapanda meli nguvu yako ya kuuliza inapungua sana.

Usisumbuke sana na mwaka. Huku tunasema "ya 2013" kwa kufuata makaratasi, na makaratasi mengi yanafuata usajili wa kwanza kule Japan. Gari inaweza kutengenezwa mwishoni mwa 2013 ikasajiliwa 2014, mwenye nayo akadhani haimhusu. SJ zilianza kuuzwa Japan mwezi wa 11 mwaka 2012, kwa hiyo za mwanzo mwanzo ndo ziko kwenye kipindi hicho. Na wenye SH5, Forester za toleo la kabla ya SJ, za mwishoni msikae mkao wa kushangilia, SH5 za kuanzia mwisho wa 2010 nazo zinabeba FB20, hebu angalieni namba zenu.

Kabla hujaingia hata mtandaoni, fungua mlango wa dereva uangalie kwenye nguzo pale ambapo kufuli ya mlango inashikia. Kule Japan gari ikishafanyiwa rikoli hubandikwa kastika kadogo maeneo hayo kenye namba ya rikoli. Kadogo kweli, wanaoosha magari wanakakwangua wakidhani takataka, wapiga rangi wanakafunika, kwa hiyo ukikosa usihitimishe kitu. Ukikakuta kapige picha, namba yake ilinganishe na tangazo, maana gari moja inaweza kuwa imeitwa zaidi ya mara moja kwa mambo tofauti na kastika ka rikoli nyingine hakakusaidii kwenye springi.

Nafasi kwamba yako ilishatengenezwa ni nzuri tu. Rikoli ilitangazwa 2018, gari nyingi za aina yako zilikuwa bado Japan na wenyewe wa kule wanaandikiwa barua nyumbani, wanapeleka, wanatengenezewa bure. Zinazoponyoka ni zile zilizokuwa zimeshafutwa usajili zikauzwa nje kabla barua haijafika, maana barua inamfuata mmiliki aliyeandikishwa kule na wewe wa Dar hakuna anayekujua. Hili linaniuma sana kwa kweli. Sisi ndo tunaoziendesha hizi gari miaka mingi kuliko mtu wa kwanza, kwenye joto na mashimo, na sisi ndo hakuna wa kutuandikia barua. Ndo maana nasisitiza mtu aitafute mwenyewe.

Sasa majibu yakija. Kama chesisi yako haimo, au imo na kazi imefanyika, funga mjadala, usiguse injini, weka oili safi kwa wakati uendelee na maisha.

Kama imo na haijafanyika, kwanza waandikie mawakala wa Subaru, kwa maandishi, uweke namba ya chesisi na namba ya rikoli. Usitegemee sana, gari iliyoingia kwa njia ya mtumba kutoka Japan mara nyingi mawakala wa huku hawaibebi kwa gharama ya kampuni, ila kuuliza ni bure na hata wakikataa kukutengenezea watakusaidia namba sahihi ya spea. Hiyo namba ya spea ndo kitu cha thamani kuliko vyote hapa. Springi mpya zilisanifiwa upya, sio zile zile zilizooshwa, kwa hiyo unataka namba mpya.

Na hapa ndo nakataa kabisa wazo la springi za mtumba. Fikiria zinatoka wapi: kuna FB20 ilikufa au gari iligongwa, imekatwa, injini iko chini kwenye kibanda. Hiyo injini ni ya mwaka gani? Inawezekana kabisa ni ya 2012 au 2013, springi kutoka kiwanda kile kile kipindi kile kile. Utakuwa umelipa hela, umeshusha injini, umetoa springi 16 ambazo huna hakika kama ni mbovu, umeweka 16 ambazo huna hakika kama ni nzima na zimeshakula kilomita zisizojulikana. Bora ukae na zako! Ni hivyo hivyo kwa anayeambiwa anunue injini nzima ya mtumba, uliza namba ya chesisi ya gari ilikotoka, wakikosa kukupa achana nayo.

Halafu kazi yenyewe, tuizungumze vizuri maana kwangu hii inanitisha kuliko springi. Injini ya Subaru ni boksa, silinda zimelala kushoto na kulia, kwa hiyo hedi, yaani vichwa vya silinda vinavyobeba valvu, ziko pembeni karibu na chesisi na nafasi ya mkono hakuna. Ndo maana fundi anakwambia kushusha, hapo hajakuongopea. Ikishuka inabidi kufungua kava kubwa la mbele la cheni, kutoa cheni, kutoa kamshafti na vibebeo vyake, ndo uzifikie springi. Na kava hilo pamoja na vibebeo vya kamshafti havizibwi kwa gasketi ya karatasi, vinazibwa kwa silikoni ya maji, unapaka mstari mwembamba wenye unene maalumu, unafunga kabla haijaganda. Ukipaka kidogo oili inavuja. Ukipaka nyingi, ile inayozidi inaminyika kwa ndani, inaning'inia kama uzi, siku ikikatika inaanguka kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, inakwenda moja kwa moja kwenye chujio la bomba linalonyonya oili. Chujio likiziba injini inakosa oili, beringi za konrodi zinakwenda, na hiyo sio springi moja tena, ni injini nzima imekufa.

Sikwambii kitu cha kufikirika. Kule Marekani baada ya rikoli hii hii, wenye Toyota 86 na BRZ walianza kulalamika kwamba injini zilizokuwa nzima zimekufa muda mfupi baada ya kubadilishiwa springi, zikifunguliwa kwenye sampu kunakutwa vipande vya silikoni, mpaka mambo yakafika mahakamani. Na hao ni mafundi waliosomeshwa na wana vitabu vya kazi mbele yao. Mimi mwenyewe nimeshapokea injini, aina siitaji, iliyofunguliwa na mtu kwa ajili ya uvujaji mdogo tu, silikoni imepakwa mpaka nje kama keki ya harusi, nilipofungua sampu nikatoa uchafu wa kujaza kiganja. Mwenye gari alikuwa dereva wa kukodisha, gari ndo shamba lake. Niliumia.

Kwa hiyo kama ni lazima kufunguliwa, mtafute fundi ambaye ameshafungua injini za FB zenyewe na sio zile za zamani za EJ zinazotumia mkanda badala ya cheni, muulize silikoni gani anatumia na mstari anapaka unene gani, akikujibu "ya kawaida tu dada" ondoka. Uso wa chuma lazima usafishwe silikoni ya zamani yote bila kukwangua kwa kitu kinachoacha makovu. Springi zibadilishwe zote 16, asikushawishi kubadilisha upande mmoja. Omba sampu ifunguliwe na kusafishwa mwisho wa kazi, na baada ya kilomita kama 1,000 mwaga oili, badilisha filta, na umwambie apasue ile filta ya zamani mwangalie pamoja kama kuna vipande vya silikoni au chuma. Gharama sikutajii maana inategemea gereji na spea imetoka wapi, ila omba ufundi na spea viandikwe mbali mbali.

Jambo moja ukiwa bado kwenye ule ukurasa wa chesisi, naomba usiufunge kabla hujaangalia ya airbag. Ile ishu ya Takata, kampuni ya Japan iliyotengeneza airbag zenye kasoro, iliwagusa watengenezaji wengi wa magari, baadhi ya Impreza na Forester za kabla ya yako zimo, na kitu kinachoharibu ule unga wa ndani wa airbag ni joto na unyevu wa miaka mingi, yaani hali ya hewa ya Dar kabisa. Springi ikikatika gari inazima, airbag ya aina ile ikipasuka vibaya inarusha vipande vya chuma usoni. Kwa mtu anayebeba watoto hiyo nisingeilaza.

Mwisho safari ya Moro. Mpaka upate jibu la chesisi, na kwa kuwa gari haina dalili yoyote, mimi mdogo wangu ningekwenda, ila mchana, sio usiku, na bila kukimbizana kupita malori. Jibu likija kwamba imo na haijatengenezwa, hapo panda basi mpaka ishughulikiwe, mjini unaweza kuendelea nayo taratibu. Na ikitokea imezima ukiwa kwenye mwendo usihangaike na ufunguo kwanza. Washa hazadi, weka N, iache ijiviringishe kwenda kushoto nje ya lami. Usukani utakuwa mzito lakini unakata, ushike kwa mikono miwili. Breki bado zipo, ila ule msaada wa kulainisha pedo unatosha kukanyaga mara chache tu, kwa hiyo kanyaga mara moja kwa kushikilia, usipige piga. Watoto watoke upande wa kushoto wakae mbali na barabara, weka pembetatu nyuma mbali. Na kama ilizima kwa mlio wa chuma usijaribu kuiwasha tena hata mara moja, valvu iliyokosa springi inaweza kudondokea kwenye pistoni, na hapo kitu ambacho kingekuwa springi moja kinageuka hedi na pistoni. Ita gari ya kuvuta, hata kama uko Chalinze na watu wanakwambia "jaribu selfu moja tu sista".